Je, Serikali Ina Haki Juu ya Kitambaa cha Mwanamke?

Jumapili moja baada ya misa mama mmoja wa parokia yetu alinishika mkono mlangoni mwa kanisa. Mtoto wake wa kiume yuko kazini Bruxelles. Kwa simu alimwambia ya kuwa huko Ubelgiji mwanamke Mwislamu akipita njiani amefunika uso, polisi aweza kumsimamisha na kumtoza faini, na hata kifungo kimeandikwa katika sheria. Mama yule akaniuliza: «Mwalimu, ni vema hivi? Na kama ni vema, mbona Leta ya kwetu haifanyi vilevile?» Watu waliosimama karibu wakacheka, na mmoja akasema: «Wafanye hata kesho!» Siku ile sikujibu. Swali la namna hii halijibiwi watu wakiwa wamesimama juani, tena wengine wamekwisha kulijibu kwa kicheko. Basi nalijibu hapa.

Kwanza tutazame mambo yenyewe yalivyo, maana watu wengi huchanganya nguo mbalimbali. Kuna kitambaa kinachofunika nywele na shingo, uso ukibaki wazi. Waislamu hukiita hijabu, na ndicho tunachokiona kila siku kwa jirani zetu wa Kasongo, wa Kindu na wa Kisangani. Kuna kanzu pana ya kike, iitwayo abaya. Tena kuna nikabu, ambayo hufunika uso wote isipokuwa macho, na burka ya Afghanistan, ambayo hata macho hutazama kwa nyuma ya wavu. Sheria ya Ubelgiji iliandikwa tarehe 1 Juni, mwaka 2011, ikaanza kutumika mwezi wa Julai mwaka uleule. Yahusu uso tu. Mwenye kufunika nywele hapatwi na sheria hiyo akiwa njiani.

Ufaransa walitangulia, tena wakaenda mbali zaidi. Tarehe 15 Machi 2004 walitoa sheria ya kuwakataza wanafunzi wa shule za Serikali kuvaa alama ya dini inayoonekana wazi: kitambaa cha Mwislamu, kofia ya Myahudi, msalaba mkubwa wa Mkristo. Tarehe 11 Oktoba 2010 wakakataza kufunika uso mahali pa watu wote, faini ikifika euro 150. Mwaka 2016, baada ya mauaji ya Nice ya tarehe 14 Julai ambapo watu 86 walikufa, mameya wa miji thelathini hivi ya pwani walikataza nguo ndefu ya kuogelea ambayo wanawake Waislamu wengine huvaa baharini. Baraza kuu la mahakama za Serikali, Conseil d'État, likasimamisha katazo la mji wa Villeneuve-Loubet tarehe 26 Agosti. Halafu mwaka 2023 ikawa zamu ya abaya shuleni, na safari hii baraza lilelile lilikubali. Tazameni basi: katika miaka ishirini sheria imeanza kichwani, ikashika uso, ikaingia majini, ikafika hata pindo la kanzu. Sisemi ya kuwa kila hatua ilikuwa mbaya sawasawa. Nasema ya kuwa mkono ukizoea kushika nguo za watu, ni vigumu kuujulisha mahali pa kukoma.

Wala mambo haya si ya Wazungu peke yao. Mwaka 2015 ndugu zetu wa ng'ambo ya mto, Brazzaville, walikataza vazi la kufunika uso hadharani. Mwaka huohuo Chad, Gabon na jimbo la Kaskazini ya Mbali la Cameroon walifanya hivyo pia. Sababu yao haikuwa ile ya Ubelgiji. Nitarudi huko.

Sasa swali. Serikali ina haki gani juu ya nguo ya mtu? Nadhani sisi Wakatoliki hatuhitaji kubahatisha. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya uhuru wa dini la tarehe 7 Desemba 1965, ulifundisha ya kuwa mtu asishurutishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake, wala asizuiwe kuifuata, faraghani na hadharani, ilimradi asivunje utaratibu wa haki wa watu wote. Maneno haya yana sehemu mbili, na wengi wetu husoma moja tu. Wengine hushika neno «dhamiri» wakasema Serikali isiguse kitu. Wengine hushika neno «utaratibu» wakasema Serikali ifanye ipendavyo. Lakini utaratibu wa haki si sawa na raha ya walio wengi. Ni usalama wa watu, ni haki ya mwingine isidhulumiwe, ni adabu njema isiharibiwe. Mwanamke aendaye kuchukua fedha benki, au kupiga kura, au kusimama mbele ya hakimu, aweza kuombwa aonyeshe uso, ili ajulikane kama ndiye. Hapo sioni dhuluma. Awepo mwanamke wa kumtazama, na baada ya dakika moja ajifunike na kwenda zake. Lakini yule aendaye sokoni kununua muhogo amemdhulumu nani?

Mtu atanijibu: «Amedhulumiwa yeye mwenyewe. Mume wake amemlazimisha, au baba yake, au kaka zake.» Hili ndilo neno zito kuliko yote yanayosemwa upande wa pili, na sitaki kulipita mbio. Ni kweli kabisa ya kuwa wako wanawake waliofunikwa kwa nguvu. Wako mabinti wanaopigwa. Mkristo akimwona mwanamke aliyefungwa, hawezi kusema «hiyo ni desturi yao» akapita kama yule kuhani na yule Mlawi wa njia ya Yeriko. Na sheria ile ya Ufaransa ya 2010 ina kifungu kimoja ninachokisifu: mtu anayemlazimisha mwingine kufunika uso aweza kufungwa mwaka mmoja na kulipishwa hadi euro 30,000. Hapo sheria imemtafuta mkosaji.

Walakini kifungu cha pili chamtafuta nani? Chamtafuta mwanamke. Ikiwa amevaa kwa hiari, amenyimwa uhuru wake. Ikiwa amevaa kwa kulazimishwa, basi mtu wa kwanza amemlazimisha nyumbani, na wa pili amemtoza faini njiani kwa sababu amelazimishwa. Atafanya nini? Mume mkali hatasema: «Kwa kuwa Serikali imekataza, vua, twende pamoja.» Atasema: «Kwa kuwa Serikali imekataza, keti ndani.» Hivyo mwanamke aliyekuwa na njia, na soko, na rafiki wa kumweleza shida yake, sasa ana kuta nne.

Nisidhaniwe kuwa nabuni. Jambo hili lilikwisha kufanywa katika nchi nzima. Mwezi wa Januari mwaka 1936 mfalme wa Iran, Reza Shah, aliamuru wanawake wote wavue mtandio. Alitaka nchi yake iendelee, na huenda alitaka mema. Askari wakawavua wanawake njiani kwa mikono yao. Wengi, hasa wazee, wakajifungia nyumbani, wasiende hata kuoga kwenye hamamu za mji, kwani iliwapasa kupita barabarani. Mwaka 1941 mfalme akaondoka katika ufalme wake, na wengi wakajifunika tena. Kisha baada ya mapinduzi ya 1979, wakubwa wapya wa nchi ileile wakaamuru kinyume: kila mwanamke ajifunike, hata asiye Mwislamu. Mwezi wa Septemba 2022 msichana wa miaka 22, Mahsa Amini, alikamatwa Tehran na polisi wa mavazi kwa sababu ya kitambaa chake, akafa akiwa mikononi mwao. Nchi ikawaka moto. Serikali mbili, amri mbili zinazopingana, na mwanamke yuleyule katikati. Anayewalilia wasichana wa Iran wanaoshurutishwa kuvaa, na aangalie machozi yake yasikauke anapofika kwa yule anayeshurutishwa kuvua.

Wako wanaosema: «Kwao wanatulazimisha, basi kwetu tuwalazimishe.» Hili sitalijibu kwa maneno mengi. Mfumaji wa Ubelgiji, au mama wa Kasongo, hakuandika sheria ya Tehran.

Kuna hoja nyingine, na hii yanigusa mimi kama Mwafrika. Mwaka 2014 mahakama ya haki za binadamu ya Strasbourg ilikubali sheria ya Ufaransa kwa sababu ya «kuishi pamoja»: ya kuwa watu wa mji mmoja hukutana kwa nyuso, na mwenye kuficha uso ajitenga na wenzake. Mwaka 2018 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu ilitazama habari ya wanawake wawili waliotozwa faini, ikaona kinyume: ya kuwa Ufaransa ilivunja haki yao. Hata wenye elimu hawakupatana. Kwetu salamu ni jambo kubwa. Mtu asiyeamkia huulizwa ana kisa gani. Nami nakiri kwamba nikizungumza na mtu nisiyemwona uso, moyo wangu hautulii. Lakini je, nina haki ya kutuliza moyo wangu kwa faini ya mwenzangu? Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia, Ufaransa ileile iliamuru kila mtu afunike kinywa na pua, na watu wakaishi pamoja. Wakaamkiana kwa macho.

Sasa nitawaambieni kwa nini sisi Wakatoliki, kuliko watu wengine wote, yatupasa kuogopa sheria za namna hii. Ni kwa sababu tumekwisha kuzionja.

Mwaka 1900, mji mdogo ulio kando ya Paris, Le Kremlin-Bicêtre, meya wake alikataza mapadri kuvaa kanzu zao njiani. Miaka mitano baadaye, Bunge la Ufaransa lilipokuwa likiandika sheria ya kutenganisha Kanisa na Serikali, mbunge aitwaye Charles Chabert alitaka katazo hilo liwe la nchi nzima. Sababu zake ziwashangaze wasomaji: alidai ya kuwa kanzu yamfanya padri mtumwa, na kumvua ni kumpa uhuru. Aliyemjibu hakuwa Mkatoliki mwema. Alikuwa Aristide Briand, mwenyewe mtetezi wa sheria ile iliyotutia uchungu mwingi. Alisema ya kuwa sheria ya uhuru haiwezi kuwaamuru watu namna ya kukata nguo, tena ya kuwa mapadri na mafundi cherehani wangeunda vazi jipya mara moja na kuifanya Serikali ichekwe. Wabunge 391 wakalikataa katazo lile, 184 wakalitaka. Kwa hiyo kanzu ya padri iliokolewa njiani na mtu asiyeipenda.

Mexico haikuwa na bahati hiyo. Sheria ya rais Calles ya mwaka 1926 iliweka faini ya peso 500 juu ya padri aonekanaye hadharani na vazi lake, pamoja na makatazo mengine mengi, na damu ya mashahidi ikamwagika. Na katika Uturuki, sheria ya mwaka 1934 ilikataza mavazi ya wakubwa wa dini zote nje ya nyumba za ibada, ila mkubwa mmoja tu wa kila dini. Mjumbe wa Baba Mtakatifu kule Istanbul alikuwa Askofu Mkuu Angelo Roncalli. Mwaka 1935 alivua kanzu, akavaa koti na suruali kama karani, akaendelea na kazi yake pasipo manung'uniko. Ndiye aliyekuja kuwa Papa Yohane wa 23, aliyeuita Mtaguso. Wengine watasema: «Tazama, yeye alitii, nao Waislamu watii.» Ni kweli alitii, na ni sifa yake. Lakini uvumilivu wa mwenye kudhulumiwa hausafishi amri iliyomdhulumu. Tena Kanisa halikufundisha kamwe kwamba kanzu ya padri ni lazima kwa wokovu wake, lakini mwanamke yule huamini ya kuwa Mungu mwenyewe amemwamuru. Aliyeombwa avue koti na aliyeombwa avunje amri ya Mungu, kama anavyoijua, hawakuombwa kitu kimoja.

Lakini kwa nini twende Istanbul? Sisi wenye mvi twaikumbuka miaka ya 1970 hapa kwetu, Kongo ilipoitwa Zaire. Kwa jina la uhalisi wa Kiafrika, Mobutu alikataza majina ya ubatizo ya kigeni mwaka 1972, na padri aliyembatiza mtoto kwa jina kama hilo alitishwa kifungo. Kardinali Malula, ambaye alipenda Uafrika kuliko wengi waliousema, hakukubali, ikambidi akae Roma kwa miezi. Koti na tai vikakatazwa wanaume, ikaja abakosti. Suruali ikakatazwa wanawake. Baba yangu alikuwa na koti moja, la harusi yake. Alilikunja katika gazeti, akalitia chini kabisa ya sanduku, na sisi watoto tukaambiwa tusiwaeleze watu. Fikirini: koti limekuwa kama silaha! Mwezi wa Aprili 1990 katazo lilipoondolewa, koti lilikuwa limeliwa na nondo begani. Alilivaa vivyo hivyo kwenda misani.

Aliyeamuru hayo alisema, kama wale wa Ulaya, ya kuwa alitaka kutukomboa. Nasi twajua ukombozi wa namna hiyo ulivyo mwilini. Basi yule aliyecheka mlangoni mwa kanisa na kusema «wafanye hata kesho» ama ni kijana, ama amesahau.

Tena amesahau jambo la karibu zaidi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwataka wanawake wafunike vichwa kanisani, na mama zetu walishika hivyo mpaka kitabu kipya cha sheria cha 1983 kilipotoka bila neno hilo. Wengi wangali wakifunika. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto juu ya jambo hilohilo. Na kila mwaka padri wetu hahubiri mara moja wala mbili juu ya nguo fupi! Halafu mwenzetu mwenye kuvaa nguo ndefu apita, nasi twamcheka. Sijui twataka nini.

Nimesema nitarudi Chad. Tarehe 15 Juni 2015 watu wa Boko Haram walijilipua N'Djamena, na baada ya siku mbili Serikali ikakataza burka. Tarehe 11 Julai mtu mmoja, mwanamume, alikwenda soko kuu amejifunika kama mwanamke. Askari wakamsimamisha wamkague, akajilipua, wakafa watu zaidi ya kumi. Habari hii hukata pande mbili. Wa kwanza atasema: «Mwaona, katazo halikumzuia.» Wa pili atasema: «Mwaona, vazi lilimfanya asimamishwe mlangoni, la sivyo angeingia kati.» Mimi siwezi kuwaambia wajane wa N'Djamena ya kuwa Serikali yao ilikosa. Penye vita, mkubwa wa nchi aweza kukataza kitu kilicho halali, kama anavyoweza kuzuia watu wasitembee usiku. Lakini na iwe kwa muda, mahali penye hatari, kwa sababu anayoweza kuionyesha. Vita ikiisha, amri iishe. Sheria ya Ubelgiji haikuandikwa mabomu yakilia, wala haikuwekewa mwisho.

Imebaki shule, na hapa ndipo ninapoona haya.

Shule ina haki ya kuwa na vazi lake. Bluu na nyeupe yetu huficha umaskini wa huyu na utajiri wa yule, na ni jambo jema. Kwa sababu hiyo siwahukumu upesi walimu wa Ufaransa, ambao walidhani wawalinda wasichana wadogo wasisukumwe na wenzao. Lakini iko habari moja yanifurahisha: baada ya 2004 baadhi ya wasichana Waislamu walihamia shule za Kikatoliki huko Ufaransa, kwani sheria ile haikuzihusu, na nyingine ziliwapokea pamoja na vitambaa vyao.

Mimi sikufanya hivyo. Zamani nilikuwa mkubwa wa shule moja ya parokia, sitaitaja. Binti mmoja, Mwislamu, wa darasa la tano, alikuja na kitambaa cheupe kichwani, kisafi, rangi moja na shati lake. Nilimwambia akivue, kwa kuwa si vazi la shule. Hakulia. Alisema tu: «Ndiyo, Mwalimu», akakivua, na siku nzima aliketi ameinamisha kichwa juu ya daftari, mkono mmoja juu ya nywele, akiandika kwa mkono wa pili. Kesho yake alikuja babu yake. Nilikuwa nimetayarisha maneno juu ya kanuni na usawa. Mzee hakunipa nafasi ya kuyasema. Aliniamkia vizuri, akauliza habari za nyumbani, akaomba madaftari ya mjukuu wake, akayapokea kwa mikono miwili, akaenda naye. Alikuwa wa pili katika darasa lake.

Hakuna sheria ya Kongo iliyonilazimisha. Hakuna bomu lililokuwa likilia. Nilikuwa na mamlaka kidogo na mtoto mdogo mbele yangu, nikaona inafaa. Kwa hiyo, mama, uliponiuliza mbona Leta ya kwetu haifanyi vilevile, niliyemfikiria si Leta.

Jibu langu ni hili: si vema. Uso uonyeshwe pale haki ya mtu mwingine inapotaka ijulikane ni nani, anayemlazimisha mwanamke aadhibiwe, na njiani mwanamke aachwe apite. Huenda mtoto wako wa Bruxelles ataona nimelegea. Mwambie aniandikie. Na yule mzee yu hai bado. Siku za soko huketi penye wauza samaki wakavu, nami kwa miaka hii yote nimekuwa nikinunua samaki upande mwingine.